Si kila king'aacho ni dhahabu: funzo la panya na mfupa uliovunjika

Wahenga walituachia usemi kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usemi huo ulinijia akilini mwaka jana, siku kijana mmoja niliyemfundisha Biolojia katika shule ya upili alipobisha hodi nyumbani kwangu akitembelea magongo. Alikuwa akichuma riziki kwa pikipiki ya bodaboda hadi alipogongwa na gari, akavunjika muundi wa mguu wa kulia. Miezi saba ilikuwa imekwisha kupita tangu siku hiyo, na mfupa ulikuwa bado haujaunga. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la watu waliodai kwamba wakimdunga sindano moja ya "seli shina" katika mshipa wa mkono, seli hizo zingesafiri zenyewe hadi penye ufa, zigeuke mfupa, naye baada ya wiki chache ayatupe magongo. Bei yake ilikuwa sawa na ya ng'ombe wawili wa maziwa, na kwao walikuwa nao wawili tu.

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe ndiye uliyetufundisha habari za seli. Haya ni kweli?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimwomba anipe wiki moja, nami nikarudi vitabuni kama mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani. Nimeona vyema kuyaandika niliyoyakuta humo, kwa sababu swali la kijana yule si lake peke yake. Wodi za mifupa katika hospitali zetu zimejaa vijana wa rika lake, na karatasi kama ile haikosi kumfikia mtu mwenye shida.

Tuanze na mfupa wenyewe. Watu wengi huudhani kuwa kitu kikavu, kama mti uliokatwa. La hasha! Mfupa ni kiungo kilicho hai, chenye damu, mishipa na seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Unapovunjika, damu hutoka na kuganda mahali pale, kisha uvimbe hufuata. Uvimbe huo, ambao sisi huuona kuwa adui, ndio baragumu inayowaita mafundi. Katika siku na wiki zinazofuata, seli hukusanyika na kujenga daraja la gegedu, ile tishu laini iliyo mfano wa ncha ya pua. Daraja hilo hugeuzwa polepole kuwa mfupa mchanga, na mfupa huo mchanga huchongwa na kunyooshwa kwa miezi mingi, pengine miaka, hadi urejelee umbo lake la awali. Ngozi ikikatika huacha kovu. Mfupa ukiunga vizuri hauachi kovu, bali huwa mfupa tena.

Ni nani hao mafundi wanaoitwa na uvimbe? Katika miaka ya 1960, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, Alexander Friedenstein, alionyesha kwamba ndani ya uboho mna seli ambazo zikipandikizwa mahali pengine mwilini huweza kujenga mfupa mpya. Mwaka 1991, Arnold Caplan wa Cleveland, nchini Marekani, alizieneza kwa jina la seli shina za aina ya kitishu-unganishi. Neno "shina" lilitumiwa kwa maana ya mmea: kama shina litoavyo matawi ya namna nyingi, ndivyo seli moja ilivyodhaniwa kuzaa mfupa, gegedu na mafuta. Kutokana na wazo hilo lilizaliwa tumaini kubwa. Ikiwa seli hizi hujenga mfupa, basi tuzikusanye, tuzizidishe katika maabara, kisha tumdunge mgonjwa ambaye mfupa wake umekataa kuunga.

Hapo ndipo kizingiti kilipojitokeza. Nani aliyeziona seli hizo zikienda? Eksirei, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895 na kuitumia kupiga picha ya mkono wa mkewe, huonyesha madini ya mfupa tu. Haionyeshi seli. Darubini huonyesha seli, lakini ili kuitumia kwa desturi ya zamani, ilimpasa mtafiti kumwua mnyama, kuukata mfupa vipande vyembamba na kuvitia rangi. Alipotaka kujua yaliyotokea siku ya tatu aliua kundi moja, siku ya saba kundi la pili, siku ya kumi na nne kundi la tatu. Mbinu hiyo ilitupa elimu nyingi, ila ilikuwa na kasoro. Ni kama mtu anayetaka kujua jinsi mtoto anavyokua, akaletewa picha ya mtoto mchanga wa jirani, picha ya mwanafunzi wa kijiji cha pili, na picha ya kijana wa mji wa mbali. Picha zote ni za kweli, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefuatwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Suluhisho lilitoka kwa mdudu ambaye kila mtoto wa mashambani amewahi kumkimbiza gizani. Kimulimuli hutoa mwanga wake kwa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi. Kimeng'enya hiki huunguza kemikali iitwayo lusiferini kwa msaada wa oksijeni na nguvu ya ATP, ile ile tunayowafundisha wanafunzi kuwa ndiyo sarafu ya nishati katika seli. Mwaka 1985 watafiti wa California waliitenga jeni ya lusiferasi, na mwaka uliofuata mmea wa tumbaku uliotiwa jeni hiyo uling'aa gizani. Mwaka 1995, Christopher Contag na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba bakteria waliotiwa jeni za mwanga huweza kuonekana kutoka nje wakiwa ndani ya mwili wa panya aliye hai. Tangu hapo mlango ukafunguka.

Utaratibu wenyewe, kwa watakaotaka kuueleza darasani, ni huu. Seli hutiwa jeni ya lusiferasi, kisha hupandikizwa ndani ya panya. Panya hudungwa lusiferini, hulazwa kwa nusukaputi, na kuwekwa katika kijisanduku chenye giza totoro. Kamera iliyopozwa sana, yenye uwezo wa kunasa mwanga hafifu usioonekana kwa jicho letu, humtazama kwa dakika kadhaa. Mwanga mwekundu hupenya nyama vizuri kuliko wa kijani au wa buluu, kwa maana rangi ya damu huumeza huo wa pili. Kwa bahati njema, mwanga wa kimulimuli huelekea wekundu katika joto la mwili. Baada ya kupigwa picha, panya huamka na kurudi kwenye kiota chake. Kesho au wiki ijayo atapigwa picha tena, yeye yule, mguu ule ule.

Mwaka 2009, kundi lililoongozwa na Anna Spagnoli katika Chuo Kikuu cha North Carolina lilichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Walitumia panya waliovunjika muundi, mfupa ule ule uliomvunjika kijana wangu, na mfupa huo ukaimarishwa usicheze. Kisha panya wakatiwa damuni seli za uboho zenye jeni ya lusiferasi. Mwanga ulionekana mahali penye mvunjiko, na ulitegemea muda uliopita na idadi ya seli zilizotiwa. Tena walipata jibu la swali ambalo mwanafunzi mdadisi hakosi kuuliza: seli hujuaje mahali pa kwenda? Hujua kwa kipokezi kilicho juu ya ngozi yake, kiitwacho CXCR4, ambacho hunusa ujumbe wa kemikali unaotolewa na sehemu iliyojeruhiwa. Seli zisizo na kipokezi hicho hazikufika. Panya waliopata seli waliunga kwa mfupa ulio imara zaidi kuliko wenzao.

Msomaji mwenye haraka ataishia hapo na kusema, basi tangazo lile lilikuwa la kweli! Lakini subira huvuta heri, na sayansi pia ina subira yake. Watafiti wale hawakuishia kwenye mwanga. Walipochunguza zaidi waliona kwamba seli zilizofika zilisaidia kwa njia zaidi ya moja. Zilitoa protini iitwayo BMP-2, ambayo huamsha ujenzi wa mfupa, na tena zilituliza uvimbe uliopita kiasi. Kwa hiyo seli haikuwa tofali tu. Ilikuwa pia msimamizi anayetoa amri kwa mafundi wenyeji.

Isitoshe, uwezo huu wa kuona ulifichua jambo ambalo wauza sindano hawalitaji. Seli hizi ni kubwa kuliko upenyo wa mishipa myembamba ya damu. Zikitiwa katika mshipa wa damu, kituo chao cha kwanza ni mapafu, na nyingi sana hukwama humo na kufa baada ya muda mfupi. Mwaka huo huo wa 2009, Darwin Prockop na wenzake walionyesha kwamba seli za binadamu zilizokwama katika mapafu ya panya zilisaidia moyo uliojeruhiwa bila kuufikia, kwa kuwa zilitoa protini ya kutuliza uvimbe iliyosafiri kwa njia ya damu. Ushahidi wa namna hii ulipoongezeka, Arnold Caplan yule yule aliyeeneza jina la seli shina hizi aliandika makala mwaka 2017 akiomba jina hilo libadilishwe. Alisema kazi yao kubwa katika tiba ni kupeleka ujumbe wa uponyaji, na kwamba jina la "shina" lilikuwa likiwapotosha wagonjwa. Caplan aliaga dunia mwaka 2024. Kwa maoni yangu, makala ile ni miongoni mwa mambo ya heshima aliyoyaacha. Si wengi wanaoweza kusimama hadharani na kusema: jina nililolipa umaarufu halifai, lifuteni.

Je, ina maana kwamba hakuna seli shina za kweli za mfupa? Zipo, tena ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 2012, kundi la David Scadden la Boston lilitumia darubini inayoona ndani ya tishu hai kutazama fuvu la panya, ambalo ni jembamba kiasi cha kupenyezwa na mwanga. Seli zilizotiwa alama ya rangi zilifuatwa katika mnyama aliye hai. Watafiti waligundua kwamba seli zinazojenga mfupa huishi muda mfupi na wala hazijizalishi, hivyo hazina budi kuletewa wenzao wapya kutoka kwa seli zilizo katika uboho. Mfupa ulipojeruhiwa, seli hizo za uboho zilihamia penye jeraha na kuleta wajenzi wapya. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walieleza seli shina ya mifupa ya panya, na mwaka 2018 wakaeleza ile ya binadamu. Utando mwembamba unaoufunika mfupa nao umethibitika kuwa chimbuko kubwa la mafundi wa mvunjiko. Ndiyo maana daktari mpasuaji stadi huushughulikia utando huo kwa upole, wala haukwangui ovyo.

Sasa nataka nitahadharishe, hasa kwa ajili ya wanafunzi watakaokuwa watafiti. Si kila king'aacho ni dhahabu, na si kila penye giza pamekufa. Mwanga ukififia, yawezekana seli zimekufa. Lakini yawezekana pia ile jeni imezimwa ilhali seli ingali hai, au lusiferini haikufika kwa wingi kwa sababu mishipa ya damu ilikatika, au mfupa mpya umeuziba mwanga usitoke. Kuna njia nyingine ambayo seli hulishwa chembe ndogo za chuma, kisha hutazamwa kwa mashine ya picha za usumaku. Njia hiyo huona mbali ndani ya mwili, lakini ina hila yake: seli ikifa, chuma hakifi. Humezwa na seli zinazosafisha takataka, na mtazamaji asiye mwangalifu huhesabu wafagiaji akidhani anahesabu mafundi. Kinyume chake, mwanga wa kimulimuli huhitaji ATP, na maiti haina ATP. Ndiyo maana mtafiti mwaminifu hutumia njia mbili au tatu, na mwishowe hurudi kwenye darubini kuthibitisha. Aidha, njia ya mwanga humfaa panya kwa sababu muundi wake uko milimita chache tu chini ya ngozi. Mguu wa mtu mzima ni mnene mno, na mwanga hafifu kama ule hupotea njiani.

Kuna jambo jingine ambalo sina budi kuligusia, nalo ni wanyama wenyewe. Kila ukurasa wa elimu hii umeandikwa kwa miguu ya panya iliyovunjwa makusudi. Mwalimu asiyelitaja jambo hili mbele ya wanafunzi huwafundisha nusu ya somo. Mwaka 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichoweka kanuni tatu: mnyama asitumiwe panapopatikana njia nyingine, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Picha za mnyama aliye hai zinatimiza kanuni ya pili kwa hesabu nyepesi. Chukulia kwamba mtafiti anataka kutazama uponaji kwa siku sita tofauti, na kila siku ahitaji panya wanane. Kwa desturi ya zamani angewaua panya arobaini na wanane. Kwa kamera, panya wanane wale wale hutazamwa mara sita, tena kila mmoja hulinganishwa na nafsi yake ya jana. Hata hivyo maumivu hayakwisha. Panya aliyevunjika mguu anastahili dawa ya kutuliza maumivu kama astahilivyo mtu, na mwanafunzi akiuliza kama ni halali kufanya hivyo, asinyamazishwe. Mimi naamini ni halali pale tu swali linapokuwa zito na mtafiti anapokuwa makini. Jaribio la ovyo ni ukatili mara mbili, kwa mnyama na kwa mgonjwa atakayedanganywa kwalo.

Baada ya wiki moja kijana alirudi, safari hii akiwa na mamake. Niliwaeleza kwa kadiri nilivyoelewa. Nikawaambia kwamba msingi wa tangazo lile ulikuwa na chembe ya ukweli, na kwamba uongo unaodhuru zaidi ndio huo wenye chembe ya ukweli. Nikawapa maswali matatu ya kuwapelekea wenye sindano. Kwanza, seli zenu mmezionaje zikifika kwenye mfupa wa mtu, si wa panya? Pili, ni wagonjwa wangapi mliowalinganisha na wengine ambao hawakupewa, na matokeo yamechapishwa wapi? Tatu, ni idara gani ya serikali iliyowaruhusu kutibu mifupa kwa njia hii? Niliwaambia pia kwamba Marekani, yenye maabara nyingi kuliko zetu, iliidhinisha dawa yake ya kwanza ya seli za aina hii mwezi Desemba 2024 tu, na haikuwa ya mifupa. Ilikuwa ya watoto ambao seli walizopandikizwa zimeugeukia mwili wao na kuushambulia.

Mama alisikiliza kimya, kisha akaniuliza swali lililonipita kimo. "Sasa mwalimu, kama sindano si dawa, mtoto wangu abaki hivi?"

Sikuwa daktari, nami sikujifanya daktari. Niliwasihi warudi kwa mpasuaji wa mifupa katika hospitali ya umma. Huko iligunduliwa kwamba kijana alianza kuukanyagia mguu mapema ili arudi kazini, na kwamba hakuwa ameacha sigara, ambayo huchelewesha kuunga kwa mfupa. Daktari aliufungua mguu, akaukaza kwa bamba la chuma, kisha akachota kiasi cha mfupa kutoka kwenye nyonga ya kijana mwenyewe na kuushindilia penye pengo. Ni tiba ya miaka mingi, isiyo na tangazo. Nilipoisikia nilicheka kwa furaha, maana katika mfupa ule wa nyonga mna nini ila zile zile seli hai, pamoja na ujumbe wake na makao yake, zikipelekwa kwa mkono hadi mahali zinapotakiwa bila kupitia mapafuni?

Eksirei ya mwezi wa nne baada ya upasuaji ilionyesha ukungu mweupe ukiunganisha ncha mbili za muundi. Kijana sasa anatembelea gongo moja. Bado hajarudi kwenye pikipiki, na sijui kama atarudi. Ng'ombe wale wawili wako zizini.

Walimu wenzangu, huenda wanafunzi wetu wakasahau jina la kipokezi cha CXCR4 siku moja baada ya mtihani, wala sitawalaumu. Ila wasiondoke shuleni bila kujifunza kuuliza, kwa adabu na bila woga: mliliona jambo hili, au mnalitumaini tu? Watafiti wa mifupa walitumaini kwa miaka mingi kabla ya kuona, na walipoona walikubali kusahihishwa na panya. Mtu anayetaka kutuuzia tiba naye akubali kusahihishwa na swali la mwanafunzi.